Mama anatia uzi kwenye sindano bila miwani, kuna haja gani ya kupigwa picha ya jicho?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo tu: "Asalaam alaykum dokta. Mie nipo Konde, Pemba. Mama yangu ana miaka 57, sukari huu mwaka wa nane anatibiwa, kliniki anakwenda kila mwezi kituoni kwetu hapa hapa. Mwezi uliopita nesi kamwambia lazima akatizamwe macho mjini Chake Chake, atatiwa dawa ya matone halafu apigwe picha ya ndani ya jicho. Mama hataki. Anasema macho yake mazima, anashona kofia na uzi anatia mwenyewe kwenye sindano bila ya miwani, na mwaka jana walikuja watu wa macho skuli akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini. Jirani nae kamtia khofu kwamba ile dawa inaua macho. Juu ya hapo daktari anataka kumuanzisha insulini na huku mitaani wanasema insulini ndio inayopofusha. Kweli kuna haja ya safari yote hiyo? Na kwa nini picha isipigwe hapa hapa kituoni?"

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na nimefurahi sana kwamba umeuliza kabla mama hajakataa kabisa, maana wengi wanaokuja kwangu huja baada ya kukataa miaka mitatu minne. Jibu la mwanzo ni ndio, aende, na kwa kweli amechelewa. Sukari hii ya ukubwani, aliyonayo mama, mtu anatakiwa atizamwe ndani ya macho pale pale anapoambiwa una sukari, sio baada ya miaka minane, halafu kila mwaka anarudia. Sababu ni kwamba sukari hii hukaa mwilini miaka kabla ya kugunduliwa, mtu anakojoa sana usiku anadhani umri, anachoka anadhani kazi, siku anayopimwa tayari macho yashaanza kuguswa. Watoto na vijana wenye sukari ile ya kuanza na insulini moja kwa moja wao hesabu yao nyengine, wanaanza kutizamwa baada ya kama miaka 5 kwa sababu yao huanza ghafla na inajulikana imeanza lini. Kwa hiyo kama kuna lawama ya kuchelewa usimtupie mama, ni yetu sisi watu wa afya.

Sasa tuje kwenye hili la "macho yangu mazima", maana ndipo penye mzizi wa swali lako lote. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaitwa retina, ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Katikati ya retina kuna kidoa kidogo, makula, na kidoa hicho ndicho kinachosoma herufi, kinachotia uzi kwenye sindano, kinachotambua uso wa mtu. Retina yote iliyobaki ni kubwa kuliko hicho kidoa mara nyingi sana lakini haisomi herufi hata moja. Sukari inashambulia vimishipa vidogo vya damu vya retina, kuta zake zinalegea, vinafanya vijivimbe kama ncha ya pini, vinavuja damu na mafuta, vyengine vinaziba kabisa. Pale palipoziba retina inakosa hewa, na retina ikikosa hewa inaita mishipa mipya iote, na hiyo mipya ni dhaifu, haina kuta za maana, siku moja mtu anainama au amelala tu inapasuka na jicho linajaa damu. Na yote hayo hayaumi, retina haina maumivu, wala haiwashi wala haitoi machozi. Mama anaweza kuwa na vidonda vya damu pembeni kote na mishipa mibaya ishaanza kuota na bado akasoma mstari wa chini kabisa, kwa sababu kile kidoa cha katikati hakijaguswa bado.

Wewe mtu wa Pemba unazijua boriti, mchwa akiingia anaila kwa ndani, ukiitizama kwa nje nzima, hata ukiigonga utasema nzima, siku inayokatika ndio unajua ilikuwa imeliwa zamani. Wale waliokuja skuli na chati ya herufi hawakukosea, walikuwa wanatafuta watu wanaohitaji miwani na wenye mtoto wa jicho, kazi yao ile. Lakini kusoma herufi sio kutizamwa retina, hivi ni vipimo viwili mbali mbali na kimoja hakisimami badala ya chengine.

Na hili la sindano, hebu nikae hapa kidogo kwa sababu limenigusa. Mtu wa miaka 57 anaetia uzi kwenye sindano bila ya miwani mie simpi hongera haraka haraka, namuuliza. Lenzi ya jicho inakakamaa kadri miaka inavyokwenda, kuanzia miaka ya arobaini wengi wetu tunaanza kuinyoosha mikono kusoma, na ikifika hamsini na kitu kushona bila miwani ni nadra. Akiweza kuna sababu. Pengine jicho lake moja toka ujana ni la karibu na jengine ni la mbali na hajawahi kujua, yaani moja linamshonea kofia na jengine lilimsomea herufi skuli, na kama siku ile hawakumfumba jicho moja moja hakuna alieligundua hilo. Au sukari yake iko juu, maana sukari ikipanda lenzi inabadilika nguvu yake na mara nyingi mtu anaanza kuona karibu vizuri huku mbali kunafifia, ikishuka inarudi. Au mtoto wa jicho anaanza katikati ya lenzi, na huyu ana tabia hiyo hiyo ya kumrudishia mtu macho ya karibu kwa muda, nimewasikia wazee wakisema kwa furaha "macho yangu yamerudi ujana" na mimi natizama ndani naona lenzi ishageuka rangi ya manjano. Kwa hiyo muulize mama, kwa upole, je siku zote alikuwa anashona bila miwani, au kuna wakati alikuwa anazivaa kisha akaziacha? Kama aliziacha, hiyo yenyewe ni sababu ya kwenda. Na msimnunulie miwani mipya sasa hivi sukari ikiwa inapanda na kushuka, subirini itulie kwanza wiki kadhaa, si hivyo mtanunua miwani ambayo mwezi wa pili haimfai.

Nina kisa ambacho sikipendi lakini nakisema. Kabla sijasomea macho nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha shamba huku Unguja, na kliniki ya sukari ilikuwa siku moja ya wiki, watu wengi, sisi wawili. Kwenye kadi palikuwa na mstari wa macho. Nikimuuliza mtu "macho vipi baba?" akinijibu "mazima alhamdulillah" naandika "macho mazima" na mwengine anaingia. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi, mtu wa mishipi, anaona chombo mbali kabla ya vijana wake. Asubuhi moja akaja kashikwa mkono na mwanawe, anasema jana alasiri moshi mweusi umeteremka kwenye jicho la kulia na tangu hapo haoni kitu isipokuwa mwanga. Damu. Tulipompeleka kwa mtaalamu jicho la kushoto nalo likakutwa lina ile mishipa mibaya, bado halijapasuka, likapigwa leza, yaani mwanga mkali wa tiba, likabaki na yeye mpaka leo anaona nalo. La kulia halikurudi. Kadi yake nilikuwa nayo mkononi, mwandiko wangu mwenyewe, "macho mazima" mara nne. Sikuwa nimeongopa, nilimuuliza akanijibu. Ila nilimuuliza mtu kuhusu kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukijua, na sikutizama. Ndio maana huyo nesi wenu wa Konde mpeni heshima yake, amefanya kile ambacho mimi sikukifanya.

Dawa ya matone. Haiui macho. Kazi yake ni kuifungua mboni iwe pana, kwa sababu kutizama retina kupitia mboni ndogo ni kama kuchungulia chumba kupitia tundu la ufunguo, unaona kitanda huoni kabati. Inachoma kidogo sekunde chache, unasubiri kama dakika 20 au 30, halafu karibu kunakuwa na ukungu na jua linaumiza macho kwa saa 4 mpaka 6 hivi, kisha macho yanarudi kama yalivyokuwa. Nadhani jirani kamuona mtu katoka kliniki hasomi wala hatizami jua akasema kapofuka, na jioni yake alipoona vizuri hakuna aliemwita jirani aje ashuhudie. Kuna watu wachache sana ambao njia ya maji ya jicho ni nyembamba kwa maumbile na dawa ikawapandishia presha ya jicho, hao jicho linauma kweli kweli, linakuwa jekundu, kichefuchefu, taa zinaonekana zina duara la rangi. Hilo likitokea anarudi siku ile ile na linatibika. Tena mtu wa namna hiyo bora ajulikane akiwa mbele ya watu wa macho kuliko limpate usiku nyumbani. Siku hiyo asipande bodaboda au vespa mwenyewe, asishone, avae miwani ya jua au ajifunike ushungi mbele ya macho, na awe na mtu wa kumrejesha. Kamera nyengine zinapiga picha bila dawa kabisa, zinafaa kwa vijana zaidi, kwa watu wazima mboni zao ndogo na mara nyingi picha inatoka ya giza, basi akiambiwa atiwe matone akubali.

Insulini sasa, ile dawa ya sukari ya kuchoma sindano. Hili neno la mitaani lina historia yake na nisingependa ulipuuze tu mbele ya mama, kwa sababu yeye kwa macho yake kawaona watu walioanza insulini wakapofuka. Kawaona kweli. Ila tizama mpangilio: watu wetu wengi insulini wanaikataa, wanaikataa, vidonge vimeshindwa miaka, sukari iko juu miaka, mpaka siku ya kukubali retina ishaharibika na damu inangoja kupasuka tu. Ikipasuka mwezi wa pili baada ya sindano, sindano ndio inabeba lawama ya miaka kumi. Insulini haipofushi mtu. Kuna chembe moja ya ukweli ndani yake na nakwambia wazi kwa sababu ukificha ndio uvumi unapata nguvu: mtu aliekaa na sukari ya juu sana muda mrefu, ikashushwa kwa haraka, kama tayari retina yake ina vidonda basi vidonda vile vinaweza kuzidi kwa kipindi kabla ya kutulia. Inatokea kwa dawa yoyote inayoshusha sukari kwa kasi, sio insulini peke yake. Na baada ya kipindi hicho waliodhibiti sukari wanakuja kuwa bora zaidi kuliko wasiodhibiti, kwa mbali. Utafiti mkubwa uliomalizika Marekani mwaka 1993, kwa watu wanaoishi kwa insulini, ulikuta waliobana sukari vizuri, ambao macho yao yalikuwa hayajaguswa, hatari ya kupata ugonjwa wa retina ilipungua kwa asilimia 76. Kwa hiyo maana yake kwa mama ni kwamba macho yatizamwe KABLA au mwanzoni kabisa mwa insulini, daktari ajue anashuka kwa mwendo gani. Sio kuikataa insulini, na sio kuisubirisha insulini miezi mingi eti mpaka picha ipatikane. Mwambie daktari wenu hivyo hivyo, "mama hajawahi kutizamwa retina na tunakwenda wiki fulani", atakuelewa na atapanga.

Umeuliza kwa nini picha isipigwe hapo hapo kituoni, na mie nimelipenda hili swali kuliko yote kwa sababu ndio mahala panapotakiwa. Kupima macho ya watu wa sukari sio kazi ya daktari bingwa, bingwa ni wa kutibu. Kazi ya kupiga picha anaweza kuifanya nesi aliefundishwa, picha ikatumwa kwa anaejua kuisoma akiwa mbali. Uingereza walianza mpango wao wa taifa mwaka 2003, kila mwenye sukari kuanzia miaka 12 anaitwa kwa jina kupigwa picha, hawasubiri alalamike, na mwaka 2014 ikachapishwa kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka kama hamsini ugonjwa wa macho wa sukari haukuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wenye umri wa kufanya kazi huko England na Wales. Hawakuwa na dawa ya siri. Walikuwa na orodha ya majina, kamera, na pa kumpeleka aliekutwa na tatizo. Singapore nao picha zinapigwa kwenye vituo vya kawaida vya afya zinasomwa sehemu nyengine kabisa. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu programu ya kompyuta inayosoma picha yenyewe kliniki ya kawaida bila ya daktari wa macho kuwepo, na sio huko tu, Zambia walijaribu programu ya namna hiyo kwa picha za watu zaidi ya 1,500 na ikawakamata zaidi ya 9 katika kila 10 waliokuwa wanahitaji kupelekwa mbele. Rwanda wakafanya jambo jengine ambalo kwangu ndio funzo lenyewe: waliopewa majibu pale pale siku ile ile, kama nusu yao walikwenda kweli kwa daktari wa macho, na walioambiwa subirini siku kadhaa mtajulishwa walikwenda kama 4 tu katika kila 10. Watu wa namna moja, nchi ile ile. Mtu akishaondoka na hana jibu mkononi, mambo ya dunia yanamzonga.

Lakini nisikudanganye, kamera peke yake haitoshi. Inataka umeme wa uhakika, inataka mtu aliefundishwa asiehamishwa baada ya miezi sita, inataka msomaji wa picha, na inataka leza iwepo mahala ambapo mgonjwa anaweza kufika kwa nauli yake. Kumwambia mtu wa Konde au Micheweni kwamba nyumba yako inaungua halafu maji yapo ng'ambo ya bahari na nauli hana, hiyo ni dhulma nyengine. Kuna tochi ya kutizamia macho ambayo baadhi ya vituo inakuwepo, hiyo ni bora kuliko kutotizama lakini inaonesha sehemu ndogo sana kwa wakati mmoja, na kwa mboni isiyofunguliwa hata mzoefu anakosa mengi, kwa hiyo akitizamwa kwa tochi akaambiwa uko salama msiridhike. Ila kuna jambo ambalo kituo chenu kinaweza kulianza kesho bila ya kamera: daftari moja la wagonjwa wote wa sukari, jina, na safu moja tu, tarehe ya mwisho kutizamwa retina. Safu ikiwa tupu anaitwa. Na alieelekezwa Chake, mwezi ujao anaulizwa "ulikwenda? wamesema nini?" na jibu linaandikwa. Wengi hawapotei kwa kukosa kamera, wanapotea kati ya kuandikiwa karatasi na kufika.

Majibu yatakuwaje? Akiambiwa hakuna kitu, alhamdulillah, anarudi mwakani, hajafuzu maisha. (Huko England tangu mwaka 2023 aliekutwa safi mara mbili mfululizo anaweza kuitwa baada ya miaka miwili, lakini hiyo ni kwa sababu wana uhakika wa kumwita, sisi tubaki kwenye mwaka.) Akiambiwa kuna vijivimbe vichache na vidoa vya damu, hiyo haihitaji tiba ya jicho, inahitaji sukari na presha zibanwe na arudi mapema zaidi kama watakavyomwambia. Akiambiwa kuna uvimbe kwenye makula au mishipa mipya, hapo hakuna kusubiri mavuno ya karafuu yaishe, anakwenda. Na kuna jibu la nne ambalo watu wanalielewa vibaya: "picha haisomeki". Hilo sio jibu zuri wala sio baya, ni kwamba kitu kimezuia, mara nyingi mtoto wa jicho, na mtu huyo anatakiwa apelekwe kwa daktari wa macho kama waliokutwa na tatizo. Asirudishwe nyumbani.

Tiba zipo mbili kubwa. Leza inachoma sehemu za pembeni za retina zenye njaa ya hewa ili ziache kuita mishipa mipya, utafiti wa Marekani wa miaka ya 1970 ulionesha inapunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu na mpaka leo inatumika. Mtu anakaa kwenye kiti, anaona mwanga mkali, anaweza kuumia kidogo, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Inaweza kumpunguzia kuona usiku na pembeni, hilo aambiwe kabla. Ya pili ni sindano ndani ya jicho, jina linatisha lakini jicho linatiwa ganzi kwanza, na hii ndio ya uvimbe wa makula hasa, inarudiwa kila mwezi kwa miezi ya mwanzo kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi iingie kwenye mipango ya familia. Kitu kimoja nakuomba umueleze mama mapema: leza inalinda ulichonacho, kilichokwisha kufa hairudishi. Aendae akiwa anaona vizuri ndie anaefaidi zaidi. Wengi wanafanya kinyume chake, wanangoja wasione ndio waende, halafu wanasema leza haifai.

Presha yake ikoje? Hukuitaja, na watu wa sukari wanaisahau. Uingereza mwaka 1998 utafiti wao mwengine mkubwa ulionesha kwamba kubana presha kwa watu wa sukari ya ukubwani kunapunguza kuzidi kwa ugonjwa wa retina kama theluthi moja, na vidonge vya presha ni rahisi na vipo. Mkojo nao upimwe protini, maana vimishipa vya figo ni ndugu wa vimishipa vya jicho, kikiharibika hichi tizama na kile. Kuhusu chakula sitosema mengi, najua nesi keshamwambia, ila hicho kikombe cha chai cha sukari na boflo kila asubuhi na juisi wakati wa futari vinahesabika kuliko watu wanavyofikiri. Na kama nyumbani mna dada mwenye sukari anaetaka kuzaa, yeye atizamwe macho kabla ya mimba au miezi mitatu ya mwanzo, mimba inaweza kuukimbiza ugonjwa huu. Sukari iliyoanza ndani ya mimba yenyewe haina shida hiyo.

Kuna mambo ambayo hayasubiri tarehe ya kliniki. Vinzi vyeusi vingi vikitokea ghafla, moshi au utandu wa buibui, pazia linaloteremka upande mmoja, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, jicho moja kufifia kwa siku moja. Hayo siku ile ile. Na jamani msimtie asali jichoni, wala maji ya majani, ugonjwa upo nyuma kule na dawa ya mbele haifiki, inachofikisha ni vijidudu.

Mama utamshawishi vipi? Wewe unamjua kuliko mimi, lakini ningekuwa wewe nisingebishana nae kuwa haoni, kwa sababu anaona, na ukimwambia haoni atakuonesha sindano na uzi na mazungumzo yameisha. Mwambie unakubali kwamba anaona, na kwa sababu hiyo hiyo unataka aendelee kushona. Mfumbe jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, atizame kalenda ukutani, muone kama yote mawili yako sawa. Akikuta moja limefifia atanyamaza mwenyewe. Yakiwa sawa pia aende, mwambie jaribio hilo ni la kile kidoa cha katikati tu. Jirani nae mchukueni kama anaweza, akae nae kwenye benchi mpaka jioni ashuhudie macho yanavyorudi.

Siku ya safari ale na anywe dawa zake kama kawaida, hii sio ya kwenda na njaa, mtu wa sukari akifungwa njaa kwenye foleni sukari inashuka. Kama Ramadhani imekaribia pangeni kabla yake, mnaondosha masuala ya funga na matone na pia ule uchovu wa njia. Chukueni kadi ya kliniki, vidonge vyote kwenye mfuko hata vile alivyoviacha, miwani yoyote aliyonayo ikiwemo ya zamani, na namba ya simu ya nesi wenu. Waulizeni wazi kabla ya kutoka: macho yote mawili yameonekana? picha imesomeka? lini arudi? Karatasi ya majibu ipigeni picha kwa simu pale pale mlangoni kabla haijaloa au kupotea, halafu yenyewe mpelekeeni nesi Konde aibandike kwenye kadi, ili mwakani watakapompiga picha nyengine wawe na ya kulinganisha.